Kitabu Kilichooshwa

Tarehe 3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mpe na mama shikamoo yake kabla hujaendelea, maana najua unavyoruka salamu kwa haraka ya kufika kwenye habari. Hamjambo? Macho ya mama je, yale matone yamesaidia au bado ni kiza kilekile? Na kifua chako? Mimi huku sijambo, ila baridi tu, na hofu ni kwenu.

Mama alisema hataki habari ndefu kwenye simu, kwa sababu sauti ikishapita haishikiki, lakini barua anaweza kukuomba umsomee hata mara tatu. Basi naandika. Soma polepole.

Uliuliza kazi yangu ni nini hasa, maana jirani anakuuliza na wewe unamjibu "anasoma vitabu" bila kuwa na hakika. Baba, sisomi. Vitabu vyenyewe siwezi kuvisoma, vimeandikwa kwa lugha ambazo wasemaji wake walikwisha zamani. Nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, nimevaa glavu na kofia na kitambaa mdomoni, nasugua kona ya ukurasa kwa raba nyeupe kama ile ya watoto wa shule. Zile chembe za raba zinazoanguka ndiyo kazi yenyewe. Nazikusanya kwenye kichupa, naandika namba, nazipeleka kwenye mashine. Humo ndani mna mate, jasho, ngozi ya kidole, chafya ya mtu aliyekufa miaka mia nne iliyopita. Kurasa zenyewe ni ngozi, na mashine inatuambia hii ilikuwa ya ndama na ile ya mbuzi. Juzi tumekuta kitabu ambacho fundi wake alichanganya mbuzi na kondoo, bila shaka akamtoza mteja bei ya ndama. Nikakukumbuka jinsi unavyowasema mafundi wenzako wa kujalidi.

Wiki hii nina kitabu cha tiba. Kurasa za mbele, zenye michoro mizuri, ni safi kabisa. Ukurasa wa homa ya watoto wachanga umechakaa pembeni hadi unapitisha mwanga. Watu wengi, vizazi kwa vizazi, wamelowesha kidole kwa mate wakaufungua. Mkuu wetu wa maabara alifurahi sana. Mimi nilitoka nje nikaenda kunywa maji.

Karatasi ya pili ni yako peke yako, usimsomee mama.

Binti yenu

*

(karatasi ya pili)

Baba, wamekuja watu wa ofisi inayoshughulikia wafu wasiojulikana. Mashine yetu imezoea vitu vilivyozeeka, kwa hiyo wametuomba tuwasaidie. Wachimba barabara wamekuta mifupa ya watu tisa karibu na mpaka, watu waliokuwa wakija huku kwa miguu miaka sita iliyopita. Mmoja wa msafara ule alisalimika, akaitwa aeleze aliowakumbuka. Alisema kulikuwa na kijana mrefu aliyewashonea wenzake viatu njiani, kwa sindano nene na uzi uliopakwa nta. Jina lake hakulijua. Walimwita Fundi.

Kaka aliondoka miaka sita iliyopita, na mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu yako. Najua mafundi ni wengi duniani. Wanasema nikitoa mate yangu watajua kama mimi na mtu huyo ni ndugu. Nitoe?

*

Tarehe 27 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba. Na mama yako amesema marahaba, tena akasema "niliisikia, usinisomee kama hotuba ya mkutano." Barua imefika ikiwa imelowa kona moja. Nikasema ngoja niitunze, huenda baada ya miaka mia nne wataalamu wakamjua karani wa posta aliyeipigia chafya.

Miaka arobaini na mmoja nimejalidi vitabu, na kila kitabu kikiingia karakana hii kazi ya kwanza ni kukitoa uchafu. Leo binti yangu amesomeshwa mpaka akavuka bahari, akaajiriwa kuukusanya uchafu uleule. Ungenijulisha mapema ningekuwekea magunia. Nimemweleza jirani, akatikisa kichwa, akasema elimu haina mwisho. Nadhani alimaanisha vibaya.

Kifua changu ni kilekile, vumbi la karatasi halihami kirahisi. Mama yako jicho la kushoto limefunga kabisa. La kulia linaona kivuli cha mtu akisimama mlangoni, lakini halijui ni nani. Kwa hiyo ukiingia lazima useme. Akipita mtu mrefu huuliza "nani huyo?" mara mbili, na ile ya pili huwa kwa sauti ya chini.

Karatasi yako ya pili nimeisomea karakana, nimefunga mlango. Toa hayo mate, sina neno la kukuzuia. Ila jibu likija, lolote litakalokuwa, niandikie mimi kwanza. Na usiyategemee sana, mwanangu. Mate ni mate tu.

Baba yako

*

Tarehe 2 Aprili

Baba na mama wapenzi,

Shikamooni nyote wawili. Hamjambo? Mimi leo sijambo kabisa.

Uliniambia nikuandikie wewe kwanza, baba, lakini nisamehe, siwezi. Karatasi leo ni moja tu. Msomee mama yote, na upaze sauti.

Mama, kulikuwa na habari tuliyokuficha. Huku imepatikana mifupa ya watu waliofia njiani, na mmoja alikuwa akiitwa Fundi. Nilitoa mate yangu yakalinganishwa. Wiki tatu sikula vizuri. Jana mkuu wa maabara ameniita, akaniketisha, akaniambia mtu yule na mimi hatuna undugu hata chembe, si wa karibu si wa mbali. Damu nzito kuliko maji, mama, na damu imesema si yeye. Kaka hayumo mle. Yuko mahali, labda amekasirika bado, labda ana mke mkali anayemkataza kuandika, lakini hayumo mle.

Nimeona aibu kidogo kufurahi, kwa sababu yule aliyemo naye ni mtoto wa mtu. Amewekwa kwenye sanduku lake la karatasi ngumu, amerudishwa rafu ya wasio na wenyewe. Nilimwombea. Kisha nikaenda kununua viatu vipya, sijui hata kwa nini.

Niandikieni upesi mniambie mmefurahi.

Binti yenu

*

Tarehe 19 Juni

Binti yangu,

Natumai u mzima. Sisi tunapumua. Najua umeandika mara mbili baada ya ile barua ya Aprili, na kadi zako zote mbili zimefika. Usiilaumu posta. Wa kulaumiwa ni mimi.

Nilimsomea mama yako kama ulivyosema, na sauti niliipaza. Nilipofika pale uliposema hamna undugu hata chembe, alicheka. Nimeishi na mama yako miaka thelathini na minane na kicheko kile sikuwa nakijua. Nikashusha barua. Akasema, "Malizia." Nikamalizia mpaka kwenye viatu. Halafu akaniuliza, "Kwa hiyo hukumwambia?" Nikasema sikumwambia. Akasema, "Basi mwambie," akageukia ukutani.

Hiyo ilikuwa Aprili. Leo ni Juni. Nimekaa mezani na kalamu hii zaidi ya mara kumi, nikainuka nikaenda kupika gundi isiyohitajika.

Kaka yako hatukumzaa. Tulikaa miaka minane bila mtoto. Karakana ilipokuwa na kazi nyingi nilimwajiri mwanamke wa kukunja karatasi, mtu mkimya, mikono myepesi. Alikuja na mtoto mgongoni, wa miezi minne hivi. Wiki ya tatu alimwomba mama yako amshikie mtoto, yeye aende zahanati mara moja. Hakurudi. Nilimtafuta zahanati, nikamtafuta alikopanga, chumba kilikuwa kimefagiwa. Nilitaka kwenda kuandikisha serikalini. Mama yako alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha kushonea, mtoto kifuani, akaniambia, "Mtoto ana njaa na wewe unatafuta karatasi?" Tangu siku ile hakuuliza ni wa nani. Miaka miwili baadaye ukaja wewe. Watu walisema tumefunguliwa njia.

Kwa hiyo hayo mate yako yamesema kweli, lakini hayakumaanisha ulichodhani. Yule wa kwenye sanduku anaweza kuwa yeye, anaweza kuwa siye. Tuko palepale.

Kuna jingine, na hili mama yako halijui. Siku kaka yako alipoondoka tuligombana. Nilimkuta amefungua redio ya mtu aliyoletewa aitengeneze, juu ya kitabu nilichokuwa nimetoka kukishona, risasi ya kuchomelea waya imedondokea jalada. Nilimwambia kama hataki kazi ya baba huyu, akamtafute baba yake. Nilisema hivyo. Akasimama akaniangalia. Akaniuliza, "Baba yupi?" Nami sikuwa na busara ya kunyamaza, nikamwambia hatukumzaa. Asubuhi hakuwepo. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na mimi kazi ya miaka ishirini na minne niliibomoa kwa sentensi moja kwa ajili ya jalada.

Sasa unajua. Nimekuwa mwoga, nisamehe ukiweza.

Baba yako

*

Tarehe 8 Julai

Baba,

Shikamoo. Mama shikamoo.

Miaka ishirini na minane mnaniambia nina pua ya kaka. Mama alikuwa akitusimamisha mbele ya wageni, "hebu waangalieni hizo pua." Nimejitazama kwenye kioo cha maabara siku nzima kama mwendawazimu.

Sina hasira kwamba si wa tumbo moja nami. Nilijifunza kutembea nimeshika shati lake, hilo halifutwi na mashine. Nina hasira kwamba mliniacha nitoe mate, nisubiri wiki tatu, nishangilie, nami nikamwacha arudishwe rafuni mtu ambaye huenda ni yeye. Nilitembea nimevaa viatu vipya, baba. Juu ya hilo lingine, lile la "baba yupi", leo siandiki. Nikiandika nitaandika vibaya.

Nilikwenda ile ofisi ya wafu, kwa mzee mmoja anayeshika mafaili, nikamweleza kwamba ndugu yangu si ndugu yangu wa damu. Hakushangaa. Alisema anasikia hayo kila mwezi. Akaniambia kwa kesi kama hii ndugu hawana msaada, kinachotakiwa ni kitu chake mwenyewe: mswaki, chanuo, kofia, chochote alichokigusa sana na hakijaguswa na wengine.

Najua mama aligawa nguo zake mwaka ule wa pili. Lakini kile kitabu chake cha kutengeneza redio bado kipo? Alikilalia. Alikula karanga juu yake. Alikuwa akitokwa damu puani akiinama, na aliifuta kwa kurasa kwa sababu hakutaka kuamka. Na kila ukurasa aliufungua kwa kidole alichokilamba, mama alikuwa akimgombeza. Ningepewa nichague kitabu kimoja duniani cha kusugua kwa raba, ningechagua hicho. Hii ndiyo kazi ninayoijua.

Usikifungue. Usikipanguse hata vumbi. Usikishike mikono mitupu. Kifunge kwa karatasi safi, si nailoni, ukitume.

Binti yako

*

Tarehe 30 Julai

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mama yako anakusalimu, amekuwa akilala sana mchana siku hizi. Barua yako nilimsomea, isipokuwa ile mistari miwili unayoijua. Alipoisikia habari ya pua alisema, "Lakini ni kweli zilifanana," na hakutaka kubishiwa.

Kitabu kipo. Lakini, mwanangu, nilikiosha.

Wewe umekulia karakana, unajua kukiosha ni nini. Alipoondoka, kitabu kilikuwa kimebaki chini ya kitanda chake, mgongo umekatika, kurasa zimeshikana kwa damu na mafuta ya karanga. Nikasema akirudi akute nimemtengenezea. Huo ndio ulikuwa msamaha wangu, sina namna nyingine ya kuomba. Nilikifumua uzi wote. Kurasa mia mbili na nane nikazitia kwenye beseni moja moja, maji ya uvuguvugu, nikazisugua kwa brashi laini mpaka madoa ya damu yakatoka, maji nikayabadilisha kila kurasa kumi. Nikaziloweka kwenye gundi nyepesi, nikazianika kwenye kamba karakana nzima. Siku nne sikupokea kazi ya mtu. Nikakishona upya kwa uzi bora niliokuwa nao, nikakivika jalada la ngozi ambalo hata mteja wangu mkubwa sijamfanyia. Kazi safi kuliko zote nilizofanya maishani ni hiyo. Nilijisifu, mwanangu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Yale ya beseni niliyamwaga uani mwenyewe.

Nimekituma hata hivyo. Nilivaa glavu kama ulivyoniagiza, ingawa nilijiona mjinga. Tangu nilipokishona kiko kwenye rafu ya juu, hakuna aliyekifungua, mimi mwenyewe sijakifungua. Huenda kwenye mashimo ya sindano, ndani kabisa, maji hayakufika. Wewe ndiye mtaalamu.

Baba yako

*

Tarehe 14 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama hajambo? Wewe je, kifua? Mimi ni mzima, nimechoka tu.

Samahani kwa kimya. Kitabu kilifika Agosti. Nilipokifunua mkuu wetu wa maabara alikishika akakigeuza mara tatu, akaita wenzake wa chumba cha pili waje waone mshono. Wakaniuliza ni karakana gani. Nikawaambia, halafu nikaenda chooni nikalia.

Nilikisugua mimi mwenyewe, baada ya saa za kazi za kawaida, kona zote za kurasa zote, halafu nikafungua mshono wako sehemu tatu nikachukua chembe kwenye mashimo ya uzi. Nisamehe kwa hilo. Nilirudia mara mbili. Nitakuambia nilichokipata kama nilivyokipata.

Kaka hayumo. Kwenye mashimo kuna vipande vya kitu, vifupi mno, haviwezi kutuambia ni vya mtu mmoja au wanne. Maji yako yalifanya kazi nzuri, baba. Ulimtoa wote.

Lakini kitabu si kitupu. Kona ya chini ya kila ukurasa, kuanzia wa kwanza hadi wa mia mbili na nane, kuna mate. Mengi. Si ya siku moja, yamerudiwa na kurudiwa, yamepanda juu ya ile gundi uliyowekea baada ya kuosha. Ni ya mwanamume mmoja, kila ukurasa huyohuyo. Nilifikiri nimekosea, nikayalinganisha na yangu. Nusu ya alama zake za urithi ni zangu.

Uliniambia hukukifungua. Baba, katika miaka yote ya kazi hii sijaona kitabu kilichosomwa na mtu mmoja kiasi hicho. Hata wale wa vitabu vya dua hawafikii.

Hasira niliyokuwa nayo imepungua, lakini pale ilipokuwa pamebaki pagumu zaidi.

Sasa hili ndilo la muhimu. Yule mzee wa ofisi ya wafu amenipigia simu. Mwisho wa mwaka masanduku yote yasiyo na wenyewe yanazikwa pamoja, shimo moja, kibao chenye namba. Akasema, kwa kunihurumia, kwamba kuna njia. Mtu anaweza kutia sahihi fomu kwamba amemtambua marehemu kwa maelezo, akakabidhiwa. Maelezo yapo: urefu, uzi wa nta, jina la Fundi. Angenikubalia.

Mimi nimekataa. Nikitia sahihi kwamba nimemtambua, jina la kaka linafutwa kwenye orodha ya wanaotafutwa, na kama yu hai hakuna atakayemtafuta tena. Na kama si yeye, basi nimemchukua mtoto wa mama mwingine anayengoja kama mama anavyongoja, na faili likifungwa hatajua kamwe. Siwezi kusema namjua mtu nisiyemjua. Hii kazi imenifundisha hilo tu. Nikose usingizi, lakini nisiandike nisichokiona.

Kwa hiyo atazikwa kwa namba. Nimeona mjue kutoka kwangu. Umsomee mama au usimsomee, nakuachia wewe.

Binti yako

*

Tarehe 9 Novemba

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi ni mzima. Mama yako homa ilimshika kidogo, sasa imemwachia, anakula.

Nilimsomea. Nilimsomea yote, hata lile nililokuandikia Juni, ambalo sikuwahi kumwambia. Nilimwambia nilichomwambia kaka yako. Nilidhani atanifukuza, na ningekwenda. Siku mbili chakula alikula, maji ya kuoga alipokea, ila kila nilipoketi karibu naye aligeukia ukutani.

Ni kweli nilikudanganya. Nilikuwa nakifungua kila jioni nikifunga karakana. Mimi wa redio sijui kitu, na nilipofika mwisho nilianza mwanzo. Nilikuwa natafuta alichokuwa anakiona humo kikampendeza kuliko kazi yangu. Miaka sita, na sasa naweza kukubadilishia waya wa spika, basi. Mama yako aliposikia yale ya mate alisema, "Nilijua. Nilikuwa nakusikia ukifunua." Macho yamefunga lakini masikio yake, Mungu anisaidie.

Siku ya tatu asubuhi aliniita nikae, nishike kalamu. Yafuatayo ni maneno yake, sikuongeza wala sikupunguza.

"Mwambie binti yangu amefanya vizuri kukataa. Asiseme anamjua. Lakini arudi kwa huyo mzee wa ofisi, amwambie mama yake hasemi huyu ni mwanawe. Anasema anampokea. Kama kwenye fomu yao kuna neno la kutambua, walikate, waandike amepokelewa. Faili waliache wazi. Jina la mwanangu waliache kwenye orodha, na mlango wangu sijaufunga. Na wenyewe wa huyu wakija, hata baada ya miaka kumi, tutawapa. Yule mwanamke wa kukunja karatasi naye angerudi ningempa mwanawe. Ningelia mpaka nife, lakini ningempa. Yule wa kwanza nilimpokea bila kuuliza ni wa nani. Na huyu mleteni."

Nilimuuliza, tukimzika hapa halafu ikawa siye? Akasema, "Na ikawa ndiye?" Nikainuka nikaenda kutafuta mbao.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Ukikataliwa, omba. Ukikataliwa tena, kaa hapo ofisini mpaka wachoke nawe, hilo umelirithi kwa mama yako na hakuna mashine itakayobisha. Mimi nimeanza sanduku la mbao. Nimepima kwa kukisia. Kitabu kifunge umlaze nacho, au kama unaona si haki kwa mtu tusiyemjua, kilete mkononi, nitakishona pale ulipofungua.

Usiijibu barua hii. Mama yako hataki tena kusomewa. Njoo naye, na ukifika mlangoni sema ni nyinyi.

Baba yenu